Nkungwe, Mlima wa Kupimwa Kuanzia Ufukweni

Tanzania milima tunaipima kutoka usawa wa bahari, na kwa kipimo hicho Nkungwe, wenye mita 2,462, haukumbukwi na mtu mbele ya Kilimanjaro yenye mita 5,895. Kipimo hicho hakimfai mtembeaji. Yeye huanza kupanda pale anapokanyaga nchi kavu, na kwa Nkungwe ni pale boti inapomshusha kwenye mchanga wa Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko kama mita 770 juu ya bahari. Zinazobaki, karibu mita 1,700, ni za miguu yake mwenyewe. Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza, una mita 1,345 tu, na bado watu humiminika huko kila mwaka. Mwinuko wa Nkungwe ni kazi ya Bonde la Ufa: ardhi ilipopasuka, upande mmoja ulizama ukawa ziwa lenye kina cha mita 1,470, upande mwingine ukanyanyuka ukawa safu ya Mahale. Ndiyo maana njia ya kilele hupita kwenye msitu mnene wa bondeni, miombo, mianzi na msitu wa baridi, hadi kwenye majani mafupi ya juu, kwa safari ya siku mbili tatu tu.

Wapo wanaosema ni mbali mno. Ni kweli: Hifadhi ya Mahale, ulimo mlima huu, iko zaidi ya kilomita 100 kusini mwa Kigoma, na nauli ya boti si haba. Lakini kukosekana kwa barabara za magari ndani ya hifadhi ndiko kulikouacha mlima huu kuwa wa watembea kwa miguu, wakisindikizwa na askari wa hifadhi mwenye silaha. Hoja nzito zaidi ni ya sokwe, ambao watafiti wa Kijapani wamekuwa wakiwafuatilia huko tangu 1965. Mafua yetu huwaua. Mwaka 2006 ugonjwa wa aina hiyo uliua sokwe kadhaa wa Mahale. Kwangu hiyo ni sababu ya kuweka vikundi vidogo, barakoa na umbali kutoka kwa wanyama, na kumrudisha Kigoma kila anayekohoa. Si sababu ya kuufunga mlima. Anayepanda kwa ajili ya kilele hana haja ya kuwakaribia.

Linalonisumbua zaidi ni Watongwe. Waliishi kwenye miteremko hii na kuuheshimu Nkungwe kama mlima mtakatifu kabla ya hifadhi kutangazwa mwaka 1985, na kuanzishwa kwake kukawaacha nje ya mipaka. Njia ya kilele ikitangazwa zaidi, kazi ya kuongoza wageni ianzie kwao, kwa ujira unaoeleweka, na wao ndio waseme wapi pa kupita na wapi pa kuacha.