“Nilitania tu” huenda isiwe kinga kortini

MKAZI wa Likoni amtumie jirani ujumbe wa simu akitishia kuchoma kibanda chake, kisha adai alitania. Je, ana hatia?

Awali, kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano kiliharamisha ujumbe “wa kuudhi mno”. Aprili 2016, katika kesi ya Geoffrey Andare, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu alikibatilisha: hakikufafanua maudhi ni yapi, hivyo raia hangeweza kujua mipaka yake.

Sheria ya Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018 ilileta kipimo kingine. Kwa mujibu wa kifungu cha 27, sharti ithibitishwe kuwa mshtakiwa aliwasiliana kwa makusudi, na kwamba alijua, au alipaswa kujua, kuwa huenda angemtia mwenzake hofu ya kudhuriwa au kuharibiwa mali. Iliweka faini isiyozidi Sh20 milioni, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili.

Oktoba 2025, kifungu hicho kilirekebishwa, na Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda baadhi ya sehemu zake.

Maneno “alipaswa kujua” ndiyo yenye uzito. Mtumaji hapimwi kwa kauli yake pekee, bali pia kwa yale ambayo mtu yeyote mwenye busara angeyatambua kabla ya kutuma.