Jicho Zima Lisiloona: Neva ya Macho na Mkasa wa Machakos

Mnamo Juni 2005, karibu watu 50 walifariki katika eneo la Machakos baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Baadhi ya walionusurika walipofuka.

Husemwa kwamba pombe hiyo "huharibu macho". Kauli hiyo yapotosha. Mboni na lenzi husalia nzima. Kinachodhurika hasa ni neva ya macho, fungu la nyuzi zaidi ya milioni moja zinazounganisha retina na ubongo. Ini huigeuza methanoli kuwa asidi ya fomiki, nayo huzinyima seli za neva nguvu hata pale oksijeni inapokuwapo. Neva huvimba, na mgonjwa huona weupe kama ukungu mzito.

Hali hii haina budi kutofautishwa na inflamesheni ya neva hiyo, ambayo aghalabu hutokana na kinga ya mwili kushambulia ala ya nyuzi. (Neno "uvimbe", litumikalo pia kwa jipu na saratani, halitoshi hapa, wanaistilahi wangali na kazi.) Katika inflamesheni, kwa kawaida jicho moja huathirika, huuma linapozungushwa, rangi nyekundu hufifia, kisha uoni huanza kurejea baada ya wiki chache. Methanoli hupiga macho yote mawili, na upofu wake mara nyingi ni wa kudumu.

Hospitalini, ethanoli au fomepizoli huzuia ini kutengeneza asidi, na mashine ya kusafisha damu huiondoa sumu. Hata hivyo, dalili huweza kuchelewa kwa saa 12 hadi 24. Katika saa hizo, mnywaji na jamaa zake hudhani ni ulevi tu, wakamwacha alale.