Kuziba Kwanza, Kupasha Baadaye: Uhifadhi wa Joto katika Makazi ya Nchi za Baridi kwa Mfano wa Nyumba ya Regina, Kanada

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna nyumba inavyopoteza joto katika nchi za baridi kali na sababu za mpangilio wa hatua za marekebisho kuwa na uzito kuliko aina ya mtambo wa kupasha joto unaonunuliwa. Mfano unaotumika ni nyumba ya majaribio iliyojengwa Regina, jimbo la Saskatchewan, mwaka 1977. Hoja kuu ni kwamba nyumba huzibwa kwanza, ikawekewa vihami joto na njia ya hewa safi, ndipo mtambo uchaguliwe. Mpangilio huo ukigeuzwa, kaya hulipa gharama mara mbili, na pengine hulipa kwa afya.

1.0 Utangulizi

Katika mji wa Regina halijoto ya nje wakati wa kipupwe hushuka chini ya nyuzi -30 za Selisiasi, ilhali wakazi huhitaji takribani nyuzi 21 ndani ya nyumba. Tofauti hiyo ya nyuzi 51 ndiyo inayosukuma joto kutoka ndani kwenda nje, usiku na mchana. Kwa kaya yenye kipato kidogo, kupasha nyumba joto si suala la starehe. Ni gharama isiyokwepeka, inayoshindana na chakula na kodi ya pango.

Baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla mwaka 1973, serikali nyingi zilitafuta nishati mbadala. Saskatchewan nayo ilikusudia kujenga nyumba ya kuonyesha matumizi ya nishati ya jua. Wataalamu waliopewa kazi hiyo, akiwamo mhandisi Harold Orr, waliligeuza swali. Badala ya kuuliza joto litapatikana wapi, waliuliza kwanza linapotelea wapi.

2.0 Njia za Upotevu wa Joto

Joto huondoka nyumbani kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni kupenya katika kuta, paa, sakafu na madirisha. Kiasi kinachopita hupatikana kwa kuzidisha vipengele vitatu: eneo la ukuta, tofauti ya halijoto, na kizio kinachoonyesha wepesi wa ukuta kupitisha joto, ambacho wanafizikia hukiita thamani ya U. Thamani hiyo ikiwa ndogo, ukuta huhifadhi joto vizuri. Dirisha la kioo kimoja huwa na U ya karibu wati 5.7 kwa mita ya mraba kwa nyuzi moja, ilhali dirisha bora la vioo vitatu linaweza kufikia wati 0.8 au chini yake.

Njia ya pili ni kuvuja kwa hewa. Hewa yenye joto ni nyepesi, hivyo hupanda na kutokea kwenye nyufa za dari, na hewa baridi huingia chini kujaza nafasi yake. Kwa kuwa nyufa hizo hazionekani kwa urahisi, athari yake mara nyingi hupuuzwa.

Mfano wa hesabu unaonyesha uzito wa kila njia. Ichukuliwe nyumba yenye kuta za mita za mraba 100 na ujazo wa mita za ujazo 400, halijoto ya nje ikiwa nyuzi -30 na ya ndani nyuzi 21. Ikiwa U ya kuta ni 0.5, joto linalopenya ni wati 2,550. Ikiwa hewa yote ya nyumba hubadilika mara moja kwa saa kwa kupitia nyufa, joto linalopotea ni takribani wati 6,700. Katika mfano huu nyufa zinapoteza joto zaidi ya mara mbili na nusu ya lile linalopenya katika kuta zote. Kuongeza unene wa kihami bila kuziba nyufa ni sawa na kuongeza ukubwa wa mtungi uliotoboka.

3.0 Nyumba ya Regina

Nyumba iliyokamilika mwaka 1977 ilikuwa na kuta nene zenye safu mbili za nguzo za mbao, na nafasi katikati ikajazwa kihami. U ya kuta hizo ilikuwa takribani 0.14. Kwa eneo lilelile la mita za mraba 100, joto linalopenya hushuka kutoka wati 2,550 hadi karibu wati 710. Paa liliwekewa kihami kingi zaidi. Upande wa ndani wa kuta ulitandazwa karatasi ya polithini isiyopitisha hewa wala mvuke, na maungio yake yakazibwa kwa uangalifu.

Uzibaji hupimwa kwa feni inayofungwa mlangoni na kuleta tofauti ya shinikizo ya paskali 50 kati ya ndani na nje. Katika kipimo hicho, hewa ya nyumba ya Regina ilibadilika takribani mara 0.8 kwa saa, kiwango kidogo mno kwa wakati huo. Nyumba haikuwekewa tanuri la kawaida. Sehemu kubwa ya mahitaji yake ilitoshelezwa na miale ya jua iliyopita madirishani, joto la vifaa vya umeme, na miili ya wakazi, ambapo mtu mzima aliyetulia hutoa takribani wati 100.

Mitambo ya kukusanya nishati ya jua iliyowekwa hapo ilikuwa ghali na yenye usumbufu, na baadaye iliondolewa. Kuta, karatasi na vihami viliendelea kufanya kazi bila kuhitaji fundi. Tofauti hiyo ndiyo funzo kubwa la jaribio. Mwaka 1982 Kanada ilianzisha mpango wa R-2000, uliotaka kipimo cha feni kisizidi mara 1.5 kwa saa. Nchini Ujerumani, nyumba za Kranichstein mjini Darmstadt, zilizoanza kukaliwa mwaka 1991 na kuongozwa na Wolfgang Feist, ziliimarisha kanuni hizohizo. Kigezo kilichotokana nazo kinataka kipimo kisizidi 0.6, na nishati ya kupasha joto isizidi kilowati-saa 15 kwa mita ya mraba kwa mwaka.

4.0 Hatari ya Kuziba bila Kupumua

Nyumba iliyozibwa bila njia ya hewa safi hubadilisha tatizo moja kwa jingine. Kupika, kuoga na kupumua huzalisha mvuke. Hewa yenye nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 40 huanza kutoa maji inapogusa sehemu yenye nyuzi 7 hivi. Hewa hiyo ikipenya ndani ya ukuta, maji hujikusanya kwenye mbao za upande wa nje, nazo huota kuvu na kuoza pasipo mkazi kuona. Ndiyo maana katika nchi za baridi karatasi ya kuzuia mvuke huwekwa upande wenye joto.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni ya vifaa vinavyochoma kuni, mafuta au gesi. Katika nyumba iliyozibwa, feni ya jikoni inaweza kuvuta hewa kupitia bomba la moshi, na gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ikarudi ndani.

Nyumba ya Regina ililijibu suala hilo kwa kibadilisha joto, kifaa ambacho hewa chafu inayotoka hupita kando ya hewa safi inayoingia bila kuchanganyika nayo, na kuiachia joto lake. Katika mfano wa hesabu uliotangulia, kuingiza theluthi moja hivi ya ujazo wa nyumba kila saa hugharimu takribani wati 2,200. Kifaa kinachorejesha asilimia 80 ya joto hupunguza hasara hiyo hadi karibu wati 450.

5.0 Nafasi ya Mtambo

Mtambo ukinunuliwa kabla ya nyumba kuzibwa, ukubwa wake hufuata hasara za zamani. Nyumba ikirekebishwa baadaye, mtambo huwa mkubwa kupita mahitaji, huwaka na kuzima mara kwa mara, na mtaji uliotumika hupotea.

Hoja hii ina uzito zaidi kwa pampu ya joto, ambayo hutumia umeme kuhamisha joto kutoka nje kuja ndani. Ufanisi wake hupungua kadiri pengo la halijoto inalopaswa kuvuka linavyopanuka. Nyumba inayovuja huhitaji maji ya nyuzi 55 katika mabomba yake, ilhali iliyohifadhiwa vizuri hutosheka na nyuzi 35. Nje kukiwa na nyuzi -20, kikomo cha kinadharia cha ufanisi ni 4.4 katika hali ya kwanza na 5.6 katika ya pili. Mitambo halisi hufikia sehemu tu ya vikomo hivyo. Kwa hiyo ukuta bora huokoa mara mbili: hupunguza joto linalohitajika, na hupunguza umeme unaotumika kwa kila kipimo cha joto.

6.0 Hitimisho

Mfano wa Regina unathibitisha mpangilio wa hatua nne: kupima uvujaji, kuziba na kuweka vihami, kuhakikisha hewa safi, kisha kuchagua mtambo. Hata hivyo, matokeo haya hayapaswi kunakiliwa bila kuzingatia mazingira. Katika mwambao wa Afrika Mashariki, penye viyoyozi, mvuke husukumwa kutoka nje kwenda ndani, hivyo karatasi iliyowekwa kama ya Regina inaweza kunasa unyevu ukutani. Katika nyanda za juu, ambako baadhi ya kaya huota moto wa jiko la mkaa chumbani, kuziba nyufa kabla ya kuondoa jiko hilo ni kuhatarisha maisha. Kinachohamishika kutoka nchi moja hadi nyingine ni swali la msingi: joto, hewa na mvuke vinaelekea wapi, na ni nani atakayelipa gharama endapo swali hilo halitaulizwa mapema.