Kwa nini watoto wetu hawaulizi "kwa nini"?

Si mara moja wala mbili mzazi wa Kiswahili aishiye Uingereza kuambiwa na mwalimu wa chekechea: mtoto wako ana adabu nzuri, lakini haulizi maswali. Mzazi hurudi nyumbani hajui kama amepewa sifa au lawama. Khofu yetu ni kuwa mtoto mkimya huweza kuhesabiwa mzito wa kufahamu, na kumbe nyumbani ni kasuku.

Jambo hili halianzii kwetu. Mwaka 1984 Barbara Tizard na Martin Hughes walichapisha utafiti wao juu ya wasichana 30 wa London wenye umri wa karibu miaka 4, nusu yao wa familia za wafanyakazi na nusu wa tabaka la kati. Nyumbani, kila mtoto alimuuliza mama yake wastani wa maswali 26 kwa saa. Shuleni, mwalimu aliulizwa maswali 2 tu. Watoto ni wale wale, kilichobadilika ni mahali. Na walionywea zaidi shuleni ni wale wa familia za wafanyakazi.

Utamaduni nao una lake. Mwaka 2013 Mary Gauvain na wenzake walitoa uchambuzi wa mazungumzo ya watoto wa miaka 3 hadi 5 yaliyokusanywa mwishoni mwa miaka ya 1970 katika jamii nne: Walogoli wa magharibi ya Kenya, Wagarifuna wa Belize, Wanewari wa Nepal na Wasamoa wa Samoa ya Marekani. Watoto hao waliuliza "nini", "nani" na "wapi" bila ya shida. Lililokuwa nadra kwao ni "kwa nini". Kwa maoni ya watafiti hao, pale mkubwa anapoheshimiwa sana, kumtaka atoe sababu huweza kuonekana ni kumpinga.

Sisi tunalijua hilo kwa lugha yetu wenyewe. Mtoto akimwambia babu yake "mbona umefanya hivi?", neno hilo "mbona" lina harufu ya lawama, na atakaripiwa hata kama alitaka kujua tu. Basi hujifunza kutazama wakubwa wanavyofanya, kisha naye akajaribu. Hiyo nayo ni elimu, ila mwalimu wa ugenini haioni.

Hata hivyo, utamaduni wetu haukufunga mlango wa maswali. Kuuliza si ujinga, walisema wazee, na kwenye vitendawili mtoto humtegea bibi yake, na bibi akishindwa hutoa mji.

Kwa hiyo hatuna haja ya kuchagua baina ya adabu na udadisi. Tumfunze mtoto namna ya kuuliza: "Samahani bibi, naomba kuuliza, kwa nini...?" Na akiuliza ajibiwe, kwa Kiswahili, hata kama jibu ni "sijui, tutazame pamoja". Aidha, tumueleze kuwa darasani swali halimvunjii mwalimu heshima. Na mwalimu naye tumwambie jinsi tunavyoishi nyumbani, kabla hajaandika kwenye ripoti kuwa mtoto hana analolifikiri.