Mnalala wangapi?

Peni ilikuwa ya kawaida, ile ya bluu inayouzwa dukani kwa kila mtu. Tabibu akakishika kiganja cha mtoto, akatanua nafasi iliyo kati ya vidole viwili, akapaka wino juu ya vipele mpaka ngozi yote ya hapo ikawa bluu. Akangoja kidogo. Kisha akachukua pamba yenye spiriti na kufuta taratibu. Wino ukatoka wote isipokuwa mahali pamoja: kando ya kipele kimoja ulibaki mstari mwembamba, umepindapinda, haufiki hata sentimita moja.

Mama wa mtoto akainama kutazama. Nami nikainama.

"Hii ndiyo njia yake, mama," akasema tabibu. "Mwenyewe yuko mwisho huku."

Nilikuwa nimefika kwenye kituo hicho cha afya, nje kidogo ya mji wa Morogoro, kwa habari ya maji ambayo haihusiani na ngozi ya mtu. Habari ile niliiandika na ikapita. Mstari wa bluu haukupita. Upele tunaujua wote. Aliyesoma shule ya bweni anaukumbuka mpaka leo. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba una barabara yake, na kwamba mtu mwenye peni na pamba anaweza kuionyesha. Nikarudi, nikaomba kukaa pembeni ya meza yake.

Mdudu wa upele ni ndugu wa kupe, ana miguu minane, na urefu wake hautimii nusu milimita. Jike huchimba handaki kwenye tabaka la juu kabisa la ngozi, akisonga mbele huku akitaga mayai mawili au matatu kwa siku, hadi anapokufa baada ya mwezi mmoja au miwili. Wino huzama ndani ya handaki hilo. Spiriti hufuta wa juu na kuacha wa ndani. Basi unachokiona ni safari yake yote, tangu alipoingia.

Ila mara nyingi mstari hauonekani. Kucha za mgonjwa zimeshauharibu, au vidonda vimeshaingia usaha. Kwa hiyo tabibu huyu haitegemei sana peni. Anategemea swali, na anamuuliza kila anayejikuna kabla hata hajamwambia afungue kifungo cha shati: "Nyumbani mnalala wangapi?"

Ameniomba nisimtaje jina. Alisomea magonjwa ya ngozi Moshi, kwenye kile kituo cha kanda kilichofunguliwa mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC, ambako matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika hufundishwa kwa miaka miwili kusoma ngozi. Alivyorudi, anasema, alishangaa ni kiasi gani cha kazi yake kinafanyika kwa kusikiliza. Choa hujitambulisha kwa duara lenye ukingo ulioinuka, katikati pakiwa pameanza kupona. Pumu ya ngozi hupenda mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Doa la ukoma haliwashi, na ukiligusa kwa ncha ya pamba mwenye nalo hajui kama umemgusa, hilo halichezewi. Lakini upele humwambia mambo yake usiku. Muwasho unaozidi mtu akishajifunika shuka, vipele kati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kwapani, kiunoni, kuzunguka kitovu, kwenye matiti kwa wanawake, sehemu za siri kwa wanaume, na kwa watoto wachanga hata viganjani na nyayoni. Kisha mwingine nyumbani anayejikuna. Hapo hahitaji peni.

Nilimuuliza wadudu hao ni wangapi mwilini mwa mtu. Nilitarajia maelfu. Kwa mgonjwa wa kawaida, akanijibu, ni kama 10 hadi 15 tu. Usiku mzima wa kujikuna, mtoto akiamka na damu kwenye shuka, ni kwa ajili ya viumbe ambao ungewahesabu kwa vidole vya mikono na vya mguu mmoja. Muwasho wenyewe ni mwili unaowakataa: wao, mayai yao na kinyesi chao.

Na mwili huchelewa kushtuka. Anayepata upele kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne hadi sita bila kuwashwa, huku akiwagawia wengine kitandani. "Yule baba anayesema yeye hana kitu," tabibu akaniambia, "ndiye anayenitia wasiwasi."

Ndiyo maana dawa yake huanza usiku mmoja kwa watu wote. BBE, ile dawa nyeupe kama maziwa, hupakwa kuanzia shingoni hadi nyayoni, pamoja na chini ya kucha na huko ambako watu huona haya kupaka. Ya watoto huzimuliwa kwa maji kwa kipimo anachopewa mama, na kwa mtoto mchanga yapo mafuta ya salfa. Anapaka anayewashwa, anapaka asiyewashwa. Nguo na mashuka ya siku tatu zilizopita yanafuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Kisichofulika kinafungwa ndani ya mfuko, kwa kuwa mdudu huyu akitengwa na ngozi ya mtu ni nadra kuvuka siku ya tatu. Akibaki mmoja ndani ya nyumba ambaye hakupaka, mwezi ujao wote wako tena kwenye benchi.

Halafu kuna jambo linalowavunja watu moyo. Dawa ikishaua wadudu, muwasho hauondoki siku ile. Unaweza kuendelea wiki mbili, hata nne, kwa sababu mabaki yao bado yamo ngozini. Mama anadhani dawa haikufanya kazi, anapaka tena na tena mpaka ngozi inababuka. Au anakwenda dukani na kuuziwa tyubu ya krimu ya mchanganyiko yenye steroidi ndani yake. Krimu inatuliza muwasho kwa siku chache na kubadilisha sura ya ugonjwa, hata mjuzi akihangaika kuutambua, huku wadudu wakiendelea kuchimba. Tabibu huyu ni mpole wa sauti, ila alipofika kwenye tyubu hizo alizungumza kwa ukali.

Si kwa sababu ya muwasho peke yake. Ngozi iliyokwaruzwa huingiza bakteria, na baadhi yao wanaweza kuishia kuumiza figo. Mtoto anaamka uso umevimba, mkojo una rangi ya chai ya rangi, na hakuna anayekumbuka kwamba yalianza na vipele kati ya vidole. Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele katika orodha ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele mwaka 2017. Nikiri kwamba neno hilo, yasiyopewa kipaumbele, nililielewa vizuri zaidi kwenye dirisha la dawa kuliko kwenye tangazo lolote.

Maana mtoto yule wa wino aliandikiwa chupa moja. Cheti kina jina moja, kadi ya bima ina jina moja, na nyumbani wanalala saba. Chupa nyingine sita zinatoka wapi? Mama aliuliza kwa sauti ya chini, akitazama mkoba wake. Tabibu anasema huyo ndiye mgonjwa asiyejua amwandikeje: nyumba.

Mahali pengine nyumba imetibiwa, hata kijiji. Katika visiwa vya Fiji watafiti waliwapa watu wote wa jamii moja vidonge vya ivermektini, wagonjwa na wazima, isipokuwa wale ambao hawafai kuvimeza, kama wajawazito na watoto wadogo sana, waliopewa dawa ya kupaka. Walioanza wakiwa na upele walikuwa 32 katika kila 100. Baada ya mwaka walibaki wawili. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015. Na karibu zaidi, Zanzibar ilipoanza mwaka 2001 kugawa ivermektini pamoja na albendazoli kwa wananchi ili kuzuia matende na mabusha, wagonjwa wa upele walipungua sana kwenye vituo vya afya, ingawa hakuna aliyekuwa akiulenga upele. Kwa nini basi tunaendelea kuutibu mtu mmojammoja, chupa mojamoja?

Kabla hajatoka, mama alikuwa na swali la mwisho, na nadhani ndilo lililomleta. Wanaishi nyumba ya kupanga, vyumba sita, choo kimoja. Watoto wa chumba cha jirani wanajikuna pia na hucheza na wanawe kutwa, wakati mwingine wanalala pamoja mbele ya televisheni. Atamwambiaje mwenzake bila kuonekana anamwita mchafu?

"Mwambie wa kwako anaumwa," akasema tabibu. "Usimwambie wa kwake anaumwa. Atakuja mwenyewe."

"Na asipokuja, daktari?"

Alifikiri kwa muda. Akamwambia apake watoto wake vilevile, na arudi baada ya wiki mbili. Mama aliondoka na ile chupa moja, pamoja na karatasi yenye bei ya nyingine sita.