Shujaa aliyerudi nyuma kwa ajili ya rafiki

Kila mtoto hufika umri wa kuuliza, "Shujaa ni nani?" Wengi wetu huanza kutaja washindi. Safari hii, mzazi mwenzangu, mwambie habari za kijana ambaye hakufanikiwa kufanya alichokusudia, na bado anakumbukwa hadi leo.

Jina lake ni Andrew Mynarski. Alizaliwa Winnipeg, Kanada, mwaka 1916, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Poland. Baba alifariki Andrew akiwa bado kijana mdogo, naye akaingia kazini kusaidia familia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alijiunga na jeshi la anga, akawa mpiga bunduki katika ndege ya mabomu aina ya Lancaster.

Usiku wa kuamkia Juni 13, 1944, yeye na wenzake sita waliruka kutoka Uingereza kwenda kushambulia reli za Cambrai, Ufaransa. Ndege ya Wajerumani ikawapiga, moto ukashika. Rubani akaamuru wote waruke kwa miavuli.

Andrew alikuwa karibu na mlango alipomwona rafiki yake Pat Brophy, mpiga bunduki wa mkiani, amenasa katika kijichumba chake. Badala ya kuruka, alipita katikati ya moto. Alijaribu kwa shoka, kisha kwa mikono mitupu. Wapi! Nguo zake zilikuwa zikiwaka. Pat akampungia mkono aende zake. Andrew akarudi hadi mlangoni, akampigia saluti, akaruka na mwavuli unaoungua. Wafaransa walimkuta akiwa hai, lakini majeraha ya moto yakamwua. Alikuwa na miaka 27.

Ndege ilipoanguka, Pat alirushwa nje, akapona. Yeye ndiye aliyesimulia yaliyotokea. Bila ushuhuda wake, nani angejua? Mwaka 1946 Andrew alitunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa, akiwa tayari kaburini huko Méharicourt.

Leo shule moja ya Winnipeg ina jina lake, na Lancaster moja nchini Kanada inaruka kwa kumbukumbu yake. Huko Middleton St George, Uingereza, alikoondokea usiku ule, sanamu yake ilisimamishwa mwaka 2005.

Wanaanga 55,573 wa kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza walikufa katika vita hiyo. Idadi hiyo ni nzito kwa mtoto kuielewa. Jina moja, na kisa chake, atalishika.

Ila usimpambie vita. Mwambie kweli kwamba mabomu ya ndege hizo yaliua pia raia, wakiwamo watoto. Kinachostahili sifa hapa ni rafiki kutomwacha rafiki.

Taasisi inayotunza kaburi la Andrew ndiyo inayotunza pia makaburi ya vita ya Dar es Salaam na Nairobi. Na huenda katika ukoo wenu yupo babu aliyekwenda Burma na KAR, asirudi. Jumapili hii muulizeni bibi jina lake kamili. Liandikeni nyuma ya picha, au kwenye daftari la nyumbani kama picha haipo. Kisha mtoto asimuliwe, ili naye aje kusimulia.