Je, Wajua? Uzito wa betri nao ni spea

Betri ya risasi ya foklifti ya umeme haitoi umeme tu. Ndiyo pia inayosaidia mashine isipinduke. Uzito wake ni sehemu ya uzani wa nyuma unaosawazisha mzigo ulioko mbele kwenye uma. Ukifunga betri nyepesi ya bei poa, volti 48 zikiwa zilezile, mashine itawaka vizuri tu, lakini uwezo wa kunyanyua umeshapungua. Kiwango cha chini cha uzito wa betri huandikwa kwenye kibati cha mashine. Kisome kabla hujatoa pesa.

Kwa beringi, hata hivyo, si lazima ununue “orijino” ya mtengenezaji wa mashine. Namba 6204 ni tundu la milimita 20 na kipenyo cha nje cha 47, itoke kwa wakala wa foklifti au duka la spea la mjini. Muhimu ni chapa ya kuaminika. Na kwa bandari kama Malindi, yenye upepo wa chumvi usiolala, chagua beringi yenye vifuniko vya mpira pande zote mbili.

Mnyororo wa kunyanyulia? Ukirefuka kwa asilimia 3 hutupwa, orijino au la.